Aliyebebwa na Farasi

Kijiweni kwetu kuna neno moja linalomaliza ubishi wowote: "kabebwa." Mtu akipata kazi bandarini, kabebwa. Binti akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, kabebwa. Mwimbaji akitamba redioni wiki mbili mfululizo, aa, huyo ana mjomba ndani, kabebwa. Neno likishatamkwa hapana tena la kuongeza. Sifa imefutwa, jasho limefutwa, na sisi tuliobaki kwenye benchi tunapumua, maana tumepata sababu ya kuendelea kukaa kwenye benchi.

Neno hilo linanikera, na wala si kwa kuwa ni la uongo. Mara nyingi ni la kweli tupu. Linanikera kwa sababu linayafunga maswali palepale yanapoanza. Hebu tujiulize, ndugu msomaji: mtu akibebwa, ni kiasi gani cha ushindi kinabaki kuwa chake? Na akishabebwa, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Sitaki kuchukua mfano wa mtaani, tutagombana bure. Nimemchagua mtu aliyebebwa kwelikweli, na ukoo, na fedha, na mnyama wa miguu minne. Ni Baroni Takeichi Nishi wa Japani, aliyepata medali ya dhahabu ya kuruka viunzi kwa farasi katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932.

Wengi mnamjua bila kujua kwamba mnamjua. Ile filamu ya Clint Eastwood ya mwaka 2006 kuhusu barua za Iwo Jima imezunguka sana kwenye mabanda ya video. Yumo ofisa mmoja mtanashati, mcheshi, aliyepata kuishi na Wamarekani na anayekijua Kiingereza. Nilipoiona mara ya kwanza, jirani yangu wa kiti alisema huyo katungwa, askari wa namna ile hayupo. Alikuwepo, na maisha yake yalikuwa na mikunjo mingi kuliko ile iliyoingia kwenye filamu.

Nishi alizaliwa Tokyo mwaka 1902. Baba yake alikuwa Baroni Tokujiro Nishi, mwanadiplomasia mkubwa aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mama yake hakuwa mke wa ndoa wa huyo mzee. Hapo ndipo neno letu la kijiweni linapoanza kuchechemea. Mtoto huyu alibebwa na jina la baba, lakini kwa upande wa mama alikuwa ameangushwa chini tangu siku ya kwanza. Mwaka 1912 mzee akafariki, na mtoto ambaye hajatimiza hata miaka kumi akawa baroni. Fikiria mtoto wa darasa la nne anayeamkiwa na watu wazima kama mheshimiwa, na mali ya ukoo inamngoja. Alipokua akaingia chuo cha kijeshi na kuchagua kikosi cha farasi. Kijana alipenda starehe: pikipiki, magari ya kifahari, mavazi mazuri. Angekuwa mtaani kwetu tungemwita Mbenzi na tungemchukia kwa raha zetu.

Mwaka 1930 alikwenda Italia kumnunua farasi aitwaye Uranus. Farasi mwenyewe alikuwa wa Kifaransa kwa asili, mrefu kuliko kawaida, na mwenye kichwa kigumu. Jeshi halikutoa fedha za kumnunua. Nishi alilipa kutoka mfukoni mwake. Nilipomweleza habari hii fundi redio mmoja, mtu ninayeheshimu sana akili yake, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Sasa hapo unabisha nini, bwana mdogo? Dhahabu kainunua Italia miaka miwili kabla ya mashindano."

Hoja ya fundi ina uzito, na sitaikimbia. Bila fedha hakuna Uranus, na bila Uranus hakuna Los Angeles. Lakini wako mabaroni wangapi waliokuwa na fedha za kununua farasi? Ulaya na Japani walijaa tele. Fedha ilimfikisha Nishi mlangoni kwa muuza farasi. Haikumfundisha kukaa juu ya tandiko.

Na kukaa huko si mchezo. Sisi wa mjini farasi tunamjua kwa picha, kwa methali, na kwa wale wa polisi wanaopita siku za sherehe, kwa hiyo tunadhani mpandaji kazi yake ni kukaa tu kama abiria wa daladala aliyewahi siti. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Kapteni Federico Caprilli wa Italia, aliyefariki mwaka 1907, aliugeuza upandaji wote juu chini. Kabla yake mtu aliporuka kiunzi aliegemea nyuma na kuvuta hatamu, akidhani anamsaidia mnyama. Caprilli akaona kwamba anamwumiza mdomo na kumlemea mgongo. Akafundisha kuinama mbele, kufupisha vikuku vya miguu, kulegeza mkono, na kumwachia farasi shingo yake airefushe apendavyo. Maana yake ni kwamba anayebebwa naye ana kazi, na kazi yake ni kutokuwa mzigo. Vijana wa siku hizi wanasema "ukibebwa, bebeka." Wanaitamka kwa utani, lakini ndani yake limo somo zima la Caprilli.

Basi tufike Los Angeles, tarehe 14 Agosti 1932, siku ya mwisho ya michezo. Dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na nchi nyingi hazikumudu nauli ya kusafirisha watu, sembuse farasi. Katika kuruka viunzi zilifika nchi nne tu: Marekani, Mexico, Sweden na Japani. Njia ilikuwa ngumu kiasi kwamba hakuna timu hata moja iliyofanikiwa kuwafikisha mwisho wapandaji wake wote watatu, kwa hiyo medali za timu hazikutolewa. Nishi na Uranus walimaliza kwa makosa ya pointi nane. Wa pili akawa Meja Harry Chamberlin wa Marekani, kwa pointi kumi na mbili. Wa tatu akawa Clarence von Rosen kijana, wa Sweden, kwa kumi na sita.

Jina hilo la tatu tulitazame vizuri. Baba wa kijana huyo, naye Clarence von Rosen, alikuwa kabaila, msimamizi wa mazizi ya mfalme wa Sweden, na ndiye aliyepigania michezo ya farasi iingizwe katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Baba anafungua uwanja, miaka ishirini baadaye mwana anaondoka na medali yake ya shaba. Fundi wangu aliposikia hilo alinipa mkono wa pole.

Lakini kuna jambo ambalo fundi hakulijua, na kwangu ndilo kiini cha ubishi wote. Tangu 1912 hadi 1948 mashindano haya hayakuwa wazi kwa kila ajuaye farasi. Yalikuwa ya maofisa wa jeshi na mabwana wasiopokea malipo. Askari wa kawaida, yule anayeamka alfajiri kumsugua farasi, kumlisha, kumpasha misuli kabla bwana ofisa hajamaliza chai yake, huyo hakuruhusiwa. Sheria ilisema hivyo bila haya yoyote.

Mwaka 1948, London, timu ya Sweden ilishinda dhahabu ya mchezo wa farasi kutembezwa na kuchezeshwa kwa adabu, ule usio na viunzi. Mmoja wa watatu hao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini. Ili aweze kushindana, Wasweden walimvisha cheo cha uofisa, na muda mfupi baada ya michezo wakamrudisha kwenye usajini wake. Siri ikavuja. Mwaka 1949 timu nzima ikanyang'anywa medali, dhahabu ikaenda Ufaransa. Hakuna aliyedai kwamba Persson alipanda vibaya. Farasi wake hakuwa ameuliza cheo chake. Kosa lake lilikuwa begani, mahali pa nyota.

Miaka michache baadaye sheria ikalegezwa. Helsinki 1952, watu walewale watatu, Persson akiwamo kihalali, wakashinda dhahabu tena. Mwaka 1956 wakarudia. Hebu niambie, jamani: kama sajini huyu alikuwa na uwezo wa dhahabu, masajini wangapi kabla yake walizeeka zizini wakitazama?

Kwa hiyo mimi na fundi tunakutana njiani, ila hatusimami mahali pamoja. Yeye anasema ushindi wa Nishi si wake kwa sababu alibebwa. Mimi nasema ushindi ni wake, lakini shindano halikuwa kamili, kwa sababu wengine walizuiwa wasibebwe. Lawama ninaiweka langoni, pale alipokaa bwabwana mwenye orodha ya nani apite na nani abaki nje. Tukimlaumu aliye juu ya farasi peke yake, mwenye orodha anaendelea kunywa kahawa.

Angalieni Helsinki hiyohiyo. Mwaka 1952 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika mchezo ule wa Persson. Akaja Lis Hartel wa Denmark, ambaye mwaka 1944 aliugua polio ikamwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Alihitaji kusaidiwa kupanda farasi na kusaidiwa kushuka. Akachukua medali ya fedha, na aliyepata dhahabu, Henri Saint Cyr, akamshika mkono kumpandisha jukwaani. Huyu mama alibebwa kwa maana iliyo wazi kuliko wote. Nani kati yetu atathubutu kusema "kabebwa" na kwenda zake?

Swali langu la pili ni gumu zaidi. Aliyebebwa anadaiwa nini?

Los Angeles hiyohiyo ya 1932 alikuwepo Mjapani mwingine, Shunzo Kido, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko Nishi. Alikuwa katika mbio ndefu za uvumilivu, na alikuwa karibu kabisa na mwisho. Farasi wake alikuwa mzee, na alikuwa amechoka mno. Kido angemchapa, labda angefika. Alisimama, akashuka, akauacha ushindi. Wamarekani wenye kutetea wanyama walimwekea kibao cha kumbukumbu huko California, katika Mlima Rubidoux. Kwenye orodha ya washindi hayumo. Nakiri hapa nina upendeleo: katika watu wote wa habari hii, Kido ndiye ningependa kuketi naye kahawani. Alijua nani anambeba, na akajua lini wa kushuka.

Nishi hakupata nafasi ya kushuka kirahisi hivyo. Baada ya dhahabu alipendwa sana Los Angeles. Alifanywa raia wa heshima wa jiji, akafahamiana na Douglas Fairbanks na Mary Pickford, nyota wa sinema wa enzi hizo. Mwaka 1936 akaenda na Uranus Berlin, asipate medali. Wajerumani walizoa dhahabu zote sita za farasi mbele ya Hitler. Halafu vita. Tusimpake rangi nzuri tu kwa sababu alikuwa mtanashati: jeshi alilolitumikia liliikalia Manchuria, na mwaka 1937 liliua raia wa Nanjing kwa maelfu mengi. Cheo alichobebwa nacho kilikuwa cheo cha jeshi hilo.

Farasi wakaondolewa vitani, Nishi akapewa vifaru. Mwaka 1944, akiwa Luteni Kanali, alipelekwa kisiwa cha Iwo Jima na kikosi chake. Mwezi Julai nyambizi ya Kimarekani ikaizamisha meli yao, vifaru vyote 28 vikaenda chini ya bahari. Akarudi Tokyo kutafuta vingine, akapata vichache. Kisiwani vingi vikafukiwa ardhini mpaka shingoni, vikawa mizinga isiyosogea. Bingwa wa kuruka akaishia ndani ya kitu kisichoweza hata kutambaa.

Mapigano yalianza tarehe 19 Februari 1945. Wajapani walikuwa wapatao 21,000. Waliokamatwa hai wakati wa mapigano walikuwa mia mbili na ushei tu. Wamarekani walikufa karibu 7,000. Nishi alikufa humo mwezi Machi, akiwa na miaka 42.

Kuna hadithi iliyoenea sana kwamba Wamarekani walimwita kwa kipaza sauti, kwa jina lake: Baroni Nishi, jitokeze, dunia itasikitika kukupoteza. Na kwamba hakujibu. Ni hadithi tu, haina ushahidi wa kutosha, na mimi siishughulikii kama tukio. Ninaishughulikia kama tamaa. Kwa nini watu wengi wanapenda iwe kweli?

Nadhani ni kwa sababu tunataka mtu tunayemjua aokolewe. Ile sauti ya kipaza sauti ni yetu sisi, wasomaji na watazamaji. Tumemwona akiruka, tumempigia makofi, basi tunamwita atoke pangoni. Lakini sikilizeni tena hadithi hiyo. Pangoni wamo watu elfu ishirini, na linaitwa jina moja. Mvuvi wa Kagoshima hakuitwa. Mwana wa mkulima aliyekuwa akibeba maji ya baroni hakuitwa. Kubebwa kwenyewe ndiko huku: jina lako linajulikana ng'ambo ya pili ya mstari wa moto, na la mwenzako halijulikani. Kama kweli wangemwita, na kama kweli angetoka peke yake, mngemsifu? Methali inasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na wengi hummalizia Nishi kwa methali hiyo: mguu mmoja Marekani, mguu mmoja Japani. Mimi sioni farasi wawili hapo. Urafiki wa Los Angeles ulikuwa wa mtu mmoja mmoja, hauna hatamu. Kilichombeba ni kimoja tu, na hakikuwa na breki.

Je, alipaswa kushuka? Ningependa kusema ndiyo. Kido alishuka kwa ajili ya farasi mmoja. Kwa ajili ya askari wake ofisa angeweza kufanya zaidi. Lakini Kido alishuka mbele ya watazamaji wa amani, na aliyevunjiwa matumaini ni yeye na nchi yake kwa siku moja. Pangoni, ofisa aliyetaka kusalimu amri alikuwa na wenzake nyuma yake wenye bunduki. Siwezi kukaa hapa na kikombe changu cha chai nikamhukumu kwa sauti kubwa. Ninachoweza kusema ni hiki: deni la aliyebebwa linaanza kwa kuwajua waliombeba, kwa idadi na kwa majina, kabla ya siku ya pango. Siku ile yenyewe huwa ni kuchelewa.

Hapa inatuhusu sisi tunaojaribu kuandika. Waandishi chipukizi wengi niliowasoma, riwaya zao zina kijana tajiri mwenye gari jekundu na mpishi asiye na jina. Filamu ya Eastwood, pamoja na mapungufu yake, ilifanya jambo la busara: ilimtunga mwoka mikate, Saigo, askari wa chini kabisa anayemwaza mke na mtoto wake, na kumweka katikati ya hadithi. Baroni anapita, mwoka mikate anabaki. Ndipo ndani ya pango mnapata mtu wa pili wa kuitwa.

Uranus hakwenda Iwo Jima. Alibaki Tokyo, na Nishi aliporudi mwaka ule wa 1944 alikwenda kumwona. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliuteketeza mji huo kwa moto, watu wapatao laki moja wakafa. Uranus alikufa mwishoni mwa mwezi huohuo, siku chache baada ya bwana wake. Kila anayesimulia habari za Nishi humaliza hapo, na wasikilizaji hushika kifua: ona mapenzi ya farasi!

Nami nashika kifua, lakini ninafikiria nyasi. Mji umeungua, chakula cha watu ni cha mgao, na farasi mkubwa kama yule hajilishi mwenyewe. Kuna mtu aliyeokota majani, akachota maji, akamsafisha kwato, akamtuliza ving'ora vilipolia. Katika hadithi zote zinazosimuliwa mtu huyo hatajwi. Nimenunua daftari la kurasa 96, nimeandika ukurasa wa kwanza na nusu ya pili. Ni alfajiri, zizi lina giza, na saisi anaingia na ndoo mbili.